Mkojo Msafi Kutoka Bombo

Vijana, wengi wenu mnaniuliza siri ya kazi ya maabara, na wengine mnaniuliza tu koti jeupe linashonwa wapi. Nitawajibu wote kwa pamoja, maana nimestaafu, muda ninao, na hapa Same simjui mtu mwenye haki ya kuwajibu kuliko mimi.

Naitwa Mzee Mchome. Nina Stashahada ya Maabara ya Tiba, halali, yenye mhuri unaoonekana hata ukisimama mlangoni. Katika kitongoji chetu kule juu milimani, kabla sijarudi nayo, karatasi kubwa kuliko zote ilikuwa cheti cha ndoa cha baba yangu, nacho panya walishakula jina la mama. Yangu nimeitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika sebuleni, juu kidogo ya kalenda ya kanisa. Mchungaji alipokuja kunitembelea aliisoma yote, pamoja na mhuri, ndipo akakumbuka kuomba. Sikusomeshwa na mjomba. Nilishuka mlimani na mfuko wa maharage, nikafika Dar es Salaam, nikaosha chupa za maabara ya hospitali kubwa kwa miaka sita, nikajifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu, kisha nikaingia chuoni na kutoka na karatasi. Kwa hiyo nikijisifu mnivumilie. Nimeosha chupa nyingi mno.

Aliyenifundisha ni mkuu wa zamu, Bwana Sefu, mtu wa Tanga, mwembamba, mpole mpaka umkasirishe. Siku aliyoniruhusu kwa mara ya kwanza kupima mkojo badala ya kuosha chupa yake, alinipa kikombe chenye kitu cha rangi ya kahawia. Nikakipima kwa makini sana. Nikaandika: sukari imezidi mno, rangi ya hatari, mgonjwa alazwe. Bwana Sefu akasoma, akachukua kikombe, akakinywa chote.

“Mgonjwa wako ana tangawizi pia,” akasema. “Hiyo hukuiona?”

Ilikuwa chai. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akavunja kioo cha hadubini. Bwana Sefu hakucheka. Akaniambia, “Mchome, kabla hujauliza kuna nini ndani ya kikombe, uliza kimetoka wapi, kimetoka lini, na kimepita mikononi mwa nani.” Maneno hayo nimewarudia wanafunzi wangu miaka yote, kwa sauti nzito, nikiwa nimefunga mikono nyuma. Nilikuwa hodari wa kuyarudia. Kuyafanya ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapowapeleka.

Kwanza ufundi, maana mtu asiyejua ufundi hataelewa kosa. Siku hizi mnachovya kijiti cha rangi, mnangoja dakika moja, mnalinganisha na picha kwenye kopo, mmemaliza. Wengine wana mashine inayotema karatasi, na karatasi hiyo mnaiamini kuliko mama zenu. Sisi tulichemsha. Unatia mkojo kwenye neli ya kioo, unaishika kwa chini, unapasha moto sehemu ya juu tu. Kama figo zinavuja protini, ile sehemu ya juu inaganda, inakuwa nyeupe kama ute wa yai. Unadondoshea tone la siki. Weupe ukiyeyuka, ulikuwa chumvi tu. Ukibaki, mwite daktari. Sikumbuki kuona neli ikisema uongo, ingawa nimeona vidole vingi vikiungua.

Halafu kuna mashapo. Shikeni hili vizuri. Mkojo ukishauzungusha kwenye mashine kwa dakika tano, kile kilicho kizito kinakaa chini. Kile cheupe cha juu, kisafi, kinachong’aa, unakimwaga. Ndiyo, unakimwaga! Unabakiza tone la uchafu, unaliweka kwenye kioo, unaliangalia kwa hadubini. Ugonjwa unakaa kwenye uchafu. Chembe za damu, usaha, na vile vijiti vidogo vilivyofinyangwa ndani ya mirija ya figo, vinatoka na umbo la mrija kama tambi zinavyotoka na umbo la tundu la mashine. Ukikuta vijiti hivyo vimejaa chembe nyekundu za damu, usihangaike na kibofu. Damu inatoka juu, kwenye figo yenyewe. Lakini uangalie ndani ya saa moja. Ukichelewa vinamomonyoka, nawe utaandika habari njema ya uongo.

Niliporudi Same na Stashahada yangu nilitegemea kupokelewa kwa ngoma. Nilipokelewa kwa kiti chenye miguu mitatu katika hospitali ndogo ambayo jina lake nitaliacha, kwa kuwa waliopo sasa wameshanunua kiti. Na nilikuta ugonjwa mmoja tu mjini: UTI. Mtu akiumwa kichwa, UTI. Mgongo, UTI. Mume anachelewa kurudi nyumbani, mke anaambiwa akapime UTI. Kila mwenye duka la dawa alikuwa bingwa wa UTI, na dawa yake isipofanya kazi hakusema nimekosea. Alisema, “Mama, hii yako ni UTI sugu.” Neno sugu limeokoa heshima za watu wengi.

Chupa nazo zilikuwa balaa. Mtu analeta mkojo kwenye chupa ya soda ambayo hakuiosha, kijiti kinapiga kelele za sukari, familia nzima inaanza kulia. Mwingine ameiosha mno, kwa sabuni ya unga, na ile sabuni iliyobaki inadanganya kijiti kionyeshe protini. Mzee mmoja alileta kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, mkojo ukaelea macho ya mafuta kama mchuzi. Nilimuuliza kama ameuonja chumvi. Hakufurahi.

Katika hali hiyo, mnaweza kuelewa furaha yangu siku alipoingia Mama Nakijwa wa kijiji cha Bombo, juu milimani.

Mama Nakijwa alikuwa mzee wa kanisa huko juu, mwanamke wa miaka sabini hivi, mgongo umenyooka kama fimbo ya mchungaji. Alikuwa pia, jambo ambalo kanisa lilijua na halikuuliza, mpikaji bora wa dengelua, pombe yetu ya miwa. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Namkunda, mtoto wa miaka kumi na miwili. Mtoto huyu alikuwa ameumwa kwa miezi. Magoti na vidole vilimvimba asubuhi. Homa ilikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Jua likimgusa uso, mashavu yanakuwa mekundu, na wekundu unapita juu ya pua kutoka shavu hadi shavu. Duka la dawa la kwanza lilisema UTI. La pili lilisema UTI sugu. Alikunywa vidonge vya rangi zote za bendera.

Hatimaye bibi alimshusha mpaka kwetu. Daktari wetu alikuwa binti mdogo aitwaye Neema, umri wa mwanangu wa mwisho, lakini ana macho. Alimtazama Namkunda, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akaona kope zimevimba. Akaogopa figo, na hakusema hivyo kwa sauti. Mtoto hakuweza kutoa mkojo siku hiyo. Alishakwenda chooni kabla ya kuingia kwa daktari, na alikuwa na haya. Daktari Neema akamwambia bibi alete kesho mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kama una protini na damu, mtoto atapelekwa hospitali ya rufaa bila kuchelewa. Kama hauna, basi tutatafuta kwingine. Mnaona? Figo za mtoto zilikuwa zimewekwa juu ya meza yangu. Mimi ndiye wa kusema.

Kesho yake bibi akashuka na gari la asubuhi la Bombo, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu, imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa, chupa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeuleta. Angalia kama unafaa.”

Niliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Vijana, sijawahi kuona mkojo mzuri namna ile. Mweupe kidogo kuelekea manjano, hauna povu, hauna vumbi, hauna unyuzi. Ungeweza kusoma gazeti lililowekwa nyuma yake.

“Mama,” nikasema, na nilisema mbele ya wanafunzi watatu wa mazoezi, “laiti wagonjwa wote wangeleta mkojo namna hii! Tazameni ninyi. Hii ndiyo sampuli.”

Bibi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kuwa anastahili.

Nikachovya kijiti. Kile kisanduku cha protini kilibadilika kidogo, kijani cha mashaka, si manjano ya usalama wala si kijani cha hatari. Bwana Sefu angeniuliza maswali matatu. Mimi niliuliza macho yangu, na macho yalikuwa yamelewa uzuri wa ile chupa. Kijiti kilisema pia kwamba mkojo ni mwepesi, mwepesi kama maji. Nikasema moyoni, safi, mtoto anakunywa maji ya kutosha, elimu yetu imefika. Nikauzungusha, hakukuwa na kitu chini. Nikaandika: Hakuna kitu. Nikasaini kwa ile saini yangu yenye mkia.

Daktari Neema alipoisoma alikuja mwenyewe mpaka dirishani.

“Mzee Mchome, una hakika?”

“Daktari, nimeupima mimi.”

“Mtoto yule kope zake zimevimba. Mkojo wake unawezaje kuwa kama wa malaika?”

“Labda ni malaika mwenye usingizi,” nikajibu, na wanafunzi wakacheka. Nilijua kuchekesha, tatizo langu la pili baada ya Stashahada.

Akampa bibi dawa ya maumivu ya mtoto, akamwambia alete mkojo mwingine baada ya wiki mbili.

Sasa angalieni yaliyotokea katika wiki hizo mbili. Wagonjwa wa Bombo walianza kuleta mikojo mizuri ajabu. Mmoja baada ya mwingine, chupa safi, mkojo unang’aa. Nilifurahi mno. Kwenye taarifa yangu ya mwezi niliandika kwamba afya ya njia ya mkojo katika ukanda wa juu imeimarika kutokana na elimu inayotolewa na maabara. Mkubwa mmoja akaisoma kwenye kikao, watu wakapiga makofi, nikasimama kidogo na kuinama. Nusura nipewe cheti. Namshukuru Mungu karatasi ya vyeti iliwaishia.

Wiki mbili zikaisha, bibi akaja tena na kikapu. Safari hii mkojo ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Nikaandika: Hakuna kitu. Daktari Neema hakuja dirishani. Alituma karatasi, imeandikwa kwa herufi kubwa: NAMTAKA MTOTO, SITAKI CHUPA.

Niliumia. Nilimwambia nesi, “Huyu binti hajui mimi nimepima mikojo ya mawaziri.” Nesi akasema mawaziri pia hukojoa uongo, akaenda zake.

Bibi alimleta Namkunda keshokutwa yake. Nilitoka nje ya maabara nikiwa nimejiandaa kutetea saini yangu, nikaliona benchi la wagonjwa, na nikamwona mtoto kwa mara ya kwanza. Nawaambia ukweli, sikuwa nimemwona. Siku aliyokuja mwanzo nilikuwa ndani, na baadaye nilikuwa nimeona chupa zake tu. Alikuwa amekaa amejifunika kanga mpaka puani kwa ajili ya jua. Uso ulikuwa umeumuka kama andazi. Miguu haikuingia kwenye viatu. Viatu alivishika mkononi, vimepangwa vizuri, kimoja juu ya kingine.

Pembeni yao alikaa mama mmoja wa Kimaasai kutoka tambarare, ana mtoto mgongoni na mwingine magotini, anasubiri zamu yake. Alikuwa amesikiliza yote bibi aliyoyasimulia kuhusu zile chupa, maana benchi letu halina siri.

“Mzee,” akaniita, “wewe ndiye ulipima mkojo wa huyu?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Na yeye alikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

Akanitazama kwa huruma. “Sisi huwezi kutuuzia ng’ombe kwa kutuletea maziwa kwenye kibuyu. Utasema ni ya ng’ombe huyu, nani alikuona ukikamua?”

Benchi zima likacheka. Mama Nakijwa hakucheka. Alisimama, na Mpare akisimama namna ile mjue kesi imefunguliwa.

“Unasema nimeleta mkojo wa mtu mwingine? Mimi, mzee wa kanisa? Huo ni wa mjukuu wangu, tone kwa tone! Nimeuandaa kwa mikono yangu!”

Neno hilo likanikwama sikioni. Nikamgeukia.

“Umeuandaa vipi, mama?”

“Kama inavyotakiwa.”

“Inatakiwa vipi?”

Namkunda ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo kutoka ndani ya kanga. “Koko huwa anauchuja.”

Koko ni bibi kwa Kipare chetu.

“Sasa ningeuleta vile vile?” bibi akasema, na sasa alikuwa akinilalamikia mimi kama shahidi wake. “Una povu, Mchome! Povu kama dengelua ya siku ya pili! Na rangi ya chai iliyoungua, na machicha machicha chini. Kitu kinakwenda mbele za wakubwa, nikipeleke hivyo? Hata mkungu wa ndizi wa sadaka ya mavuno tunaufuta vumbi. Nikauchuja kwa kitambaa kipya mara mbili. Nikauacha utulie, machicha nikamwaga, nikachukua wa juu. Ulikuwa bado mkali, nikaongeza maji ya kuchemsha, kidogo tu.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Mpaka ukawa mzuri.” Kisha akaniangalia machoni. “Na wewe mwenyewe uliusifu. Mbele ya watu. Nilipofika Bombo nikawaambia wote, daktari wa mkojo anapenda hivi. Nikawafundisha.”

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile chai ya Bwana Sefu. Mwanamke huyu alikuwa amefanya kazi yangu yote kwa ustadi mkubwa, ila kinyume. Mimi namwaga kisafi nabakiza machicha. Yeye, kwa maarifa ya miaka hamsini ya kupika pombe ya miwa, amemwaga machicha na kuniletea kisafi. Na mimi nikampigia makofi.

Nikachukua kikombe kipya. Nikampa Namkunda, nesi akamsindikiza mpaka kwenye choo chetu cha nyuma. Alirudi na vidole viwili tu vya mkojo. Nilikuwa sihitaji kijiti. Ulikuwa na rangi ya soda ya kola, na juu yake povu jeupe limekaa, halipasuki, limetulia kama lina haki ya kukaa pale. Nilichovya hata hivyo. Kisanduku cha protini kikawa kijani cha majani ya mgomba kabla dakika haijaisha. Damu, plasi tatu, alama ya juu kabisa kwenye kopo. Nikauzungusha dakika tano, na dakika tano hizo nilisimama karibu na mashine bila kusema lolote kwa mtu, jambo ambalo wanafunzi wangu walilisimulia baadaye kama muujiza. Nikamwaga kisafi. Nikaweka tone la machicha kwenye kioo.

Vilikuwepo. Vijiti vya chembe nyekundu, vimelala kila upande, wazi kama picha ya kitabuni.

Vijana, sikilizeni sasa hili la kalamu, maana hakuna chuo kinachowafundisha vizuri. Kwenye daftari la maabara hakuna kufuta. Hakuna wino mweupe. Hakuna kuchana ukurasa na kusema panya. Unapiga mstari mmoja, mwembamba, kile ulichokosea kibaki kinasomeka, unaandika sahihi pembeni, unasaini. Nilikuwa na mahali pawili pa kupiga mstari. Niliangalia zile saini zangu mbili zenye mikia mirefu, na nitasema ukweli, Shetani alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu. Aliniambia: andika tu kwamba ugonjwa umeanza leo. Nani atajua? Aliyechuja ni bibi. Daktari ni mtoto. Wewe una Stashahada.

Lakini hospitali ya rufaa wangesoma kwamba figo hizi zilikuwa nzima juzi na zimeharibika leo. Wangemtibu mtoto kama mwenye ugonjwa wa siku mbili. Huyu alikuwa na ugonjwa wa miezi, na kati yake wiki mbili ni za kwangu.

Nikapiga mistari miwili. Nikaandika: Sampuli ilichujwa na kuongezwa maji kabla ya kufika. Mpimaji hakuuliza. Majibu haya yasitumike. Nikasaini bila mkia. Nikalibeba daftari mwenyewe mpaka kwa Daktari Neema, wanafunzi wakiangalia, benchi likiangalia.

Alisoma pole pole. Nilingoja anipige na maneno. Nilikuwa nayastahili na nilikuwa nimeshatayarisha jibu.

“Asante, Mzee Mchome,” akasema, akaanza kuandika barua ya rufaa. Jibu langu zuri lilioza mdomoni.

Namkunda aliondoka siku ile ile kwa gari la wagonjwa. Kule walimpima damu, wakatoa kipande kidogo cha figo, wakaupa ugonjwa jina: lupasi. Askari wa mwili, badala ya kulinda nyumba, wanawageukia wenye nyumba. Leo wanapiga magoti, kesho ngozi, keshokutwa figo. Hakuambukizwa na mtu, hakulogwa, na haikuwa UTI, sugu wala laini. Walimpa dawa za kuwatuliza askari hao. Uso uliumuka zaidi kwa dawa, kisha ukarudi. Walituambia bila kuficha kwamba sehemu ya figo imeshapata makovu na haitarudi, ila iliyobaki inaweza kumtosha miaka mingi, akinywa dawa, akikimbia jua, na akipimwa mkojo kila mwezi. Mkojo wenyewe, siyo mchuzi wake.

Kuhusu watu wa Bombo, niliomba gari, nikapanda mlimani, nikasimama baada ya ibada, nikatangaza mbele ya usharika mzima kwamba kuanzia siku hiyo nautaka mkojo mchafu. Nilisema mara tatu ili waelewe. Mchungaji alisema hajawahi kusikia tangazo la namna hiyo, lakini akalirudia. Mwezi uliofuata afya ya ukanda wa juu ilishuka vibaya sana kwenye taarifa yangu. Mkubwa yule akauliza kwenye kikao kumetokea nini. Nikamjibu, “Ukweli umetokea, bosi.” Hakupiga makofi mtu.

Namkunda alikuwa akishuka kila mwezi na bibi yake, naye akitoa mkojo wake palepale kwetu. Kikombe nilimpa mimi. Nilikataa mtu mwingine ampime mpaka nilipostaafu. Sasa yuko kidato cha pili, mrefu, kofia pana, mdomo mkali kuliko wangu.

Katika mwezi wangu wa mwisho kazini walikuja kama kawaida. Nilichovya kijiti, nikakiweka juu ya meza, tukaanza kungoja dakika moja. Dakika hiyo, kwa sisi watu watatu, ni ndefu kuliko mahubiri. Mwezi wa nyuma protini ilikuwa plasi moja, na ule wa nyuma yake plasi moja. Barua ya hospitali ya rufaa ilikuwa imesema wazi: ikipanda mpaka mbili, arudi wodini, na shule isubiri. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata.

Bibi alianza, kwa sababu hawezi kungoja kimya. “Ni mimi niliyemharibu huyu mtoto. Nimemwambia mchungaji, nimewaambia wazee wa kanisa. Ni kile kitambaa changu.”

“Hapana, mama,” nikasema. “Wewe hukusoma maabara. Mimi nilisoma. Kosa ni langu, na limeandikwa.”

“Nilichuja mimi.”

“Nilisifu mimi.”

“Usinidhulumu, Mchome. Kosa hili ni la nyumba yangu.”

“Mama, nina ushahidi wa maandishi.”

Namkunda aligonga meza kwa kidole.

“Babu. Koko. Mnagombania figo zangu kama kipande cha shamba. Nendeni baraza la kata mkaweke mipaka. Wakati mnasubiri hukumu, mimi ndiye ninayekojoa.” Akanigeukia, na safari hii hakuwa anatania. “Babu, zile wiki mbili. Zilinidhuru?”

Ningeweza kumpa maneno ya kitaalamu, ninayo mengi, yana mhuri.

“Ndiyo,” nikasema. “Kiasi.”

“Sana?”

“Sijui. Hakuna anayejua. Lakini zilikudhuru.”

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji na kuikuta ni sawa. Kisha akaangalia saa ya ukutani.

“Dakika imepita.”

Nikakiinua kijiti kwenye mwanga wa dirisha. Bibi alifumba macho. Nililinganisha na kopo mara ya kwanza, nikalinganisha mara ya pili, nikampa Namkunda alinganishe mwenyewe, kwa kuwa ana macho ya miaka kumi na minne na figo ni zake.

“Moja,” akasema.

“Moja,” nikasema.

“Haijapanda.”

“Haijapanda.”

Akachukua kofia yake. “Koko, fumbua macho tuwahi gari. Nina hesabu za kurudia.”